Chai ya Kumeza

Kiwandani kwetu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyelipwa kwa ajili ya mdomo wake. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za ofisi, lakini sisi tulimwita Kijiko, kwa sababu ya kijiko kipana cha kuonjea alichokitia kwenye mfuko wa shati kila asubuhi, mpini ukichungulia nje kama kalamu ya karani.

Alikuwa mwonjaji wa chai. Mimi nilikuwa mpangaji wa bakuli. Kila siku nilipima majani kwenye mizani ndogo, nikayatia kwenye vikombe vyeupe vyenye vifuniko, nikamwagia maji yanayochemka na kugeuza saa ya dakika sita. Zikiisha, nilimimina chai kwenye bakuli na kuacha majani yaliyoiva juu ya kifuniko ili naye ayaone na kuyanusa. Meza ilikuwa ndefu, imesimama mbele ya madirisha makubwa ya upande usiopigwa na jua. Kijiko alipita nayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Alichota, akavuta chai kwa mlio mkali unaofanana na kitambaa kinachochanika, akaizungusha mdomoni muda wa kupepesa jicho, akaitema kwenye ndoo ndefu aliyoisukuma kwa goti. Halafu alisema neno moja au mawili, nami nikaandika. Butu. Ina moshi. Imechachuka kupita kiasi. Nzuri.

Alionja bakuli mia mbili, mia tatu kwa siku. Hakumeza hata moja. Wageni waliotembelea kiwanda walidhani anatania, lakini anayemeza chai mia tatu hawezi kusimama mpaka jioni, na hata akisimama, ya mwisho hatakuwa anaionja tena. Kutema ndiyo kazi yenyewe. Na kwa kuwa alifanya hivyo miaka thelathini na moja, koo lake lilizoea kujifunga chai ikifika. Nyumbani alikunywa maji. Akienda ugenini akaletewa chai, alikishika tu kikombe mpaka chai ipoe, kisha akaomba radhi.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, si mezani bali juu, kwenye vitanda virefu vya kunyaushia majani mabichi. Siku moja, akiwa na miaka sita huko juu, alishuka akamwambia mwonjaji wa wakati ule kwamba kikaushio kinavujisha moshi. Fundi alikagua, hakuona kitu. Kesho yake chai ya siku ile ilipoonjwa, moshi ulikuwamo. Mwonjaji alimwita mezani, na hakurudi juu tena.

Ulimi ule aliutunza kama wengine wanavyotunza gari la kwanza. Hakuvuta sigara. Pilipili hakugusa. Vitunguu vibichi alikula siku za mapumziko tu, na sabuni ya kunukia haikuingia bafuni kwake. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji wa sare za shule na aliyekuwa na mzaha wa kutosha kwa wote wawili, alisema ameolewa na mkaguzi. Chumvi ikizidi kidogo anajua, sufuria ikishika chini anajua, maji yakibadilishwa bomba anajua. Kijiko alikuwa hakosoi kwa ubaya. Alitaja tu, kama anavyotaja mezani, halafu akaendelea kula.

Mwaka aliotimiza hamsini na sita, wafanyakazi wote tulipimwa afya. Tulipanga foleni kwenye ukumbi wa mikutano tukiwa hatujala tangu jana yake, tukatolewa damu, tukapewa chai na mkate. Baada ya wiki, wachache waliitwa zahanati. Kijiko alikuwa miongoni mwao.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimwonyesha karatasi. Damu yake ilikuwa na mafuta mengi ya aina mbaya, yale yanayoitwa kolesteroli, ambayo kwenye mabango ya zahanati huandikwa lehemu. Kipimo kilisoma mia moja themanini na sita. Akamweleza kwamba mafuta hayo hujibandika ndani ya mishipa kidogo kidogo, bila maumivu, mpaka siku njia inapoziba. Akamuuliza kama katika ukoo kuna aliyepata ugonjwa wa moyo.

Alikuwapo. Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, alianguka kwenye ngazi za nyumba yake miaka miwili nyuma, na mfuko wa unga ukiwa bado begani. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Hakuwa amelalamika hata kichwa.

Daktari aliandika hilo, kisha akamwandikia vidonge. Kimoja kila siku baada ya chakula cha jioni. Apunguze vya kukaanga, atembee nusu saa, arudi baada ya miezi mitatu.

Ndani ya boksi la vidonge mlikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nyingi. Watu wengi huitupa. Kijiko aliisoma yote akiwa kwenye benchi la nje, kwa sababu ni mtu aliyezoea kutafuta kasoro. Katika orodha ya mambo yanayoweza kumpata mtumiaji, karibu na mwisho, palikuwa na mstari unaosema kwamba watu wachache, kwa nadra, huona ladha ya vitu ikibadilika.

Alirudi ndani. Aliniambia baadaye kwamba alisubiri wagonjwa watatu waishe. Hakumtajia daktari ulimi wake, aliona aibu, kana kwamba anajali kazi kuliko uhai. Badala yake aliuliza kuhusu chai ya kijani, maana amesikia watu wakisema inayeyusha mafuta.

Daktari alimjibu kwa haki. Alisema haiyeyushi kitu, lakini si uzushi mtupu. Katika jani la chai ya kijani kuna viambato vinavyoitwa katekini, na watafiti wamepima watu wengi wanaokunywa. Inaelekea viambato hivyo huzuia sehemu ya mafuta isifyonzwe utumboni, na huenda vinalisaidia ini kuyaondoa yaliyo kwenye damu. Ila kinachopungua ni kidogo, pointi chache tu, na si kwa kila mtu. Anywe akipenda, vikombe viwili vitatu asubuhi na mchana, mbali na saa ya kidonge. Asinunue zile dondoo za chai zilizokolezwa zinazouzwa kwenye chupa, maana zimewahi kuumiza maini ya watu. Na vidonge visiachwe.

Maneno hayo yote aliyakumbuka vizuri, aliweza kunirudia moja baada ya jingine. Lakini alishika ya katikati.

Kosa lake lilikuwa la mtu anayejua. Mtu wa kawaida akiambiwa katekini, atasikia neno gumu akanyamaza. Kijiko aliijua habari hiyo kwa mikono yake. Kiwanda kilikuwa na mtambo mdogo wa chai ya kijani, uliokuwa katika mwaka wake wa pili, na yeye ndiye aliyewafundisha wenzake tofauti. Chai nyeusi hunyaushwa, ikasagwa, ikaachwa ipumue hewa mpaka iwe rangi ya shaba. Katika kupumua huko ule ukali mbichi wa jani hugeuka kuwa kitu kingine. Chai ya kijani hupigwa mvuke mara tu inapoingia, ili isigeuke, na ukali wake unabaki kama ulivyotoka shambani. Kwa hiyo alipoambiwa kuna kitu ndani ya jani kinachosaidia, alijua kinakaa wapi, kinapotea lini na kinaonjeka vipi. Aliona kama ametajiwa jina la jamaa yake. Kidonge hakukijua. Hakina harufu, hakina ladha, kimetoka kusikojulikana, na kinaweza kumnyang'anya riziki.

Akaamua kwamba miezi mitatu atakunywa chai ya kijani, na vidonge vikae. Boksi akaliweka kwenye droo ya cherehani ya zamani ambayo mkewe haitumii tena. Kila jioni baada ya kula aliinuka, akaenda bafuni, akafungua maji, akarudi. Mkewe alidhani amemeza.

Kazi kubwa ikawa kujifunza kumeza.

Siku ya kwanza alipika nyumbani kama tunavyopika mezani, maji ya kuchemka na dakika sita kamili. Kipimo hicho kimewekwa ili kila kasoro ya jani ijitokeze, hakikuwekwa ili mtu afurahie. Ilitoka chungu kiasi cha kukunja uso. Alichota kwa kijiko, akavuta kwa mlio ule ule, na kabla hajafikiri alikuwa ameinama kwenye sinki ametema. Akarudia. Akatema. Mkewe alisimamisha cherehani akamtazama mlangoni.

"Mume wangu, hiyo ni dawa au unasukutua?"

Alijaribu kuacha kijiko na kunywa kwa kikombe kama watu. Funda la kwanza lilikaa mdomoni kama limepotea njia. Alilishusha kwa nguvu, akakohoa, machozi yakamtoka. Wiki ile alimeza kikombe kimoja kwa siku, na tumbo likamsokota kwa sababu alikuwa anakunywa kabla ya kula. Mkewe ndiye aliyemwokoa. Hakujua chochote cha viambato, lakini alijua kitu kikiwa kikali kinapunguzwa. Aliacha maji yapoe kidogo, akaloweka majani dakika mbili, akampa pamoja na mkate. Kijiko alimwambia kwamba hivyo hawezi kupima jani. Mkewe akamjibu kwamba hapa hakuna wa kupimwa ila yeye.

Mwezi wa pili alifikisha vikombe vitatu. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia, tukiwa tunasuuza bakuli. Alisema baada ya kumeza kuna utamu hafifu unaorudi kutoka kooni, unakuja umechelewa, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua. Miaka thelathini na moja alikuwa hajui kama upo, kwa sababu siku zote chai yake iliishia kwenye ndoo. Nadhani sijawahi kumwona amefurahi namna ile. Siku hiyo hiyo aliniambia na habari ya vidonge, kwa sauti ya chini, akicheka kidogo. Mimi nikaendelea kusuuza. Sijivunii jambo hilo.

Wakati huo mkewe naye alikuwa na mipango yake. Alipunguza mafuta kwenye mapishi, akaacha kukaanga siku za kazi, na jioni alimtoa kutembea mpaka kwenye mnara wa maji na kurudi. Alimhesabia vikombe kwa kuweka kifungo cha shati kwenye kisahani kila anapomaliza. Vifungo vitatu, siku imekamilika. Wenzake wa ushonaji walimtania kwamba analea mume kwa vifungo. Aliwaambia wa kwao wanalelewa kwa kelele na bado wanatambaa.

Miezi mitatu ikaisha. Walikwenda zahanati wote wawili. Majibu yalitoka kesho yake, wakarudi kuyachukua. Kipimo kilisoma mia moja sabini na tisa.

Kijiko aliona saba zimeshuka, akataka kutabasamu. Daktari hakuona hivyo. Aliitazama karatasi, akatazama faili, akauliza kama vidonge anakula kila siku. Mkewe akajibu kwa niaba yake kwamba hakosi hata siku moja, kila jioni anamwona akiinuka kwenda kumeza. Daktari akasema basi hili ni jambo la kushangaza. Dawa ile kwa kawaida hupunguza theluthi au zaidi. Kama mwili wake hauisikii, itabidi kumpandishia dozi maradufu, na ampeleke hospitali kubwa akapigwe picha ya moyo. Akavuta karatasi mpya, akaanza kuandika.

Kijiko aliangalia kalamu ikitembea. Aliniambia kwamba kilichomshinda si kuogopa dozi kubwa, maana hiyo nayo angeweza kuificha kwenye droo. Kilichomshinda ni kuona mtu mwenye ujuzi anatoa uamuzi kutokana na sampuli ya uongo. Mezani kwetu, ukichanganya majani ya magunia mawili halafu ukasema ni gunia moja, hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Mwonjaji atasema kweli juu ya kitu ambacho hakipo.

"Daktari, usiandike," alisema. "Vidonge sijala. Hata kimoja."

Daktari aliweka kalamu chini. Mkewe hakugeuka. Alikuwa anatazama ukuta, penye bango la mboga.

"Nilikuwa nakuhesabia vikombe," alisema mkewe, "kumbe nilitakiwa nikuhesabie vidonge."

Ikabidi aeleze yote, habari ya karatasi nyembamba, ladha, kazi yake, na droo ya cherehani. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alisema hao wanaobadilikiwa ladha ni wachache mno, na wengi wao hurudi sawa dawa ikibadilishwa. Alisema pia kwamba hizo pointi saba hawezi kumwapia kuwa ni za chai, kwani mkewe amepunguza mafuta na miguu imetembea. Labda chai ina mbili tatu zake.

"Chai ni kibarua mzuri, mzee," alisema. "Wewe umempa kibarua kazi ya fundi, na fundi umemfungia kwenye droo."

Hakumwandikia kitu kipya. Alimwambia vidonge ni vile vile, na mwenye kuamua ni yeye.

Nyumbani mkewe alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani ya zamani, akatoa boksi, akaliweka mezani mbele yake. Kijiko alimweleza tena kuhusu ulimi. Alisema hana kazi nyingine anayoijua. Akipoteza ulimi, kiwandani atakuwa mzee tu aliyesimama karibu na meza. Mkewe alimwacha amalize.

"Huo ulimi nimeishi nao miaka ishirini na tisa," alisema. "Haujaniacha nipike kwa raha hata siku moja. Ukiondoka, sitaulilia. Kaka yako aliondoka na ulimi wake mzima. Mkewe anapika chungu cha mtu mmoja."

Jioni ile alimeza kidonge mbele yake, kwa maji. Alisema kilishuka bila taabu, tofauti na chai.

Kesho yake asubuhi alikuja kazini mapema akaniomba jambo. Kila Jumatatu, kabla ya kazi kuanza, nimpangie bakuli kumi za chai moja, na katika mojawapo nitie kasoro ninayoitaka. Punje ya majani yaliyoungua, au tone la maji ya bomba la zamani. Yeye atasimama amegeukia ukuta mpaka nimalize. Alitaka kuanza siku hiyo hiyo, kabla dawa haijafanya lolote, ili awe na pa kulinganishia. Alionja kumi, akarudi kwenye ya nne bila kusita. Ilikuwa ya nne.

Jumatatu iliyofuata aliipata. Iliyofuata tena aliipata. Jumatatu ya nne nilitia moshi kidogo kwenye bakuli ya saba, akapita zote, akasimama, akarudia, akasema ya tisa. Nilimwambia hapana. Alikaa kwenye kiti changu cha kupimia majani, kijiko mkononi. Akaniuliza kama nilitia moshi mchache kuliko kawaida. Nilimwambia ukweli kwamba sikumbuki. Akauliza kama kabla ya dawa alikuwa hakosei kabisa. Nikamwambia hilo pia hatujui, kwa kuwa miaka yote hakuna aliyemjaribu. Sote tulikuwa tunaandika tu anachosema.

Alihesabu sababu moja moja. Inawezekana ni kidonge. Inawezekana ni miaka hamsini na sita. Inawezekana alikuwa akikosa moja katika kumi tangu zamani na chai ikaenda sokoni na moshi wake bila mtu kulalamika. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alipanda ofisini akamwomba meneja amweke mwonjaji wa pili pale mezani, wawe wanaonja bakuli zile zile, kila mmoja kwa karatasi yake, halafu walinganishe. Meneja alimuuliza kama anaumwa. Alisema ndiyo, anatibiwa, na kwamba meza ya ulimi mmoja ilikuwa kosa tangu mwanzo.

Aliyeletwa ni mwanamke kutoka idara ya kuchekecha, mtu wa maneno makali, na wiki ya kwanza walibishana juu ya bakuli sita. Kijiko alishinda nne. Mwanamke yule alimwambia kwamba hizo mbili nyingine zilikuwa zinamsubiri astaafu.

Baada ya miezi mitatu mingine alipimwa tena. Kipimo kilisoma mia moja kumi na mbili. Mkewe alibandika karatasi ile juu ya cherehani mpya, chini ya kalenda. Chai ya kijani hakuiacha. Vikombe vitatu, maji yaliyopoa kidogo, dakika mbili. Anasema hajui tena kama inamsaidia au haimsaidii, anaipenda tu kooni.

Jumatatu ya wiki hiyo nilimpangia bakuli kumi kama kawaida. Akakosa. Alitaja ya pili, na kasoro ilikuwa kwenye ya tano. Nilimwonyesha. Alichota ya tano tena, akavuta, akaizungusha mdomoni safari hii kwa muda mrefu kidogo.

"Ni hii kweli," alisema, akatema, na akamwita mwenzake aje waanze safu ya kwanza.